Tuache kuwaambia watoto kwamba mwanga unageuka njiani

Mhariri,

Kuna sentensi moja imenichosha na leo nimeona bora niiandikie barua, maana naikuta kila mahali, kwenye vijitabu vya marudio ya mtihani, kwenye video ambazo wanafunzi wanatumiana kwa simu, na hata kwenye kurasa za elimu za magazeti yetu ya Kiswahili. Inasema hivi, "mwanga mara nyingine ni wimbi na mara nyingine unageuka kuwa chembe". Halafu inaishia hapo. Mtoto anaikariri, anaiandika kwenye mtihani, anapata maksi zake, na kichwani anabaki na kitu kinachobadilika badilika kisichoeleweka, na akiuliza kinageuka saa ngapi na nani anakiambia kigeuke, anajibiwa kwamba hayo ni ya chuo kikuu. Mimi nafundisha fizikia huku Malindi na nasema swali la huyo mtoto ni zuri kuliko hiyo sentensi, na jibu lake si gumu kiasi cha kumfungia mlango. Hakuna kinachogeuka. Wimbi la mwanga linasafiri vile vile kwenye fizikia ya zamani na kwenye fizikia ya kwanta, ile mpya inayohesabu nishati kwa vipande, kilichobadilika ni tunachokijua kuhusu namna nishati yake inavyopokelewa likifika. Hilo ndo nataka kulieleza na naomba unipe nafasi maana haliishi kwa maneno mawili.

Tuanze na Maxwell kwa sababu bila yeye hatuendi popote. Tangu 1831 Michael Faraday kule London alishaonyesha kwamba sumaku ikibadilika inazaa umeme. James Clerk Maxwell, Mskochi, akaongeza upande wa pili, kwamba uga wa umeme ukibadilika nao unazaa uga wa sumaku, hata mahali ambapo hakuna waya wala kitu chochote, na mwaka 1865 akachapisha hesabu zinazounganisha yote mawili. Uga ni ile hali ya nafasi kwamba ukiweka chaji ya umeme hapo itasukumwa, hata kama kwa macho unaona patupu. Sasa ukiweka hizo kanuni mbili pamoja unaona uga unaobadilika unazaa mwenzake na mwenzake akibadilika anazaa wa kwanza, na mabadiliko yanasonga mbele yenyewe yakiacha mahali yalipoanzia. Maxwell akapiga hesabu yanasonga kwa kasi gani, na alitumia vipimo vya umeme na sumaku vya Weber na Kohlrausch, Wajerumani wawili, vya mwaka 1856, hakuna taa humo wala kioo wala lenzi, ikatoka karibu kilomita 310,000 kwa sekunde. Na Fizeau kule Ufaransa 1849 alishapima kasi ya mwanga wenyewe akapata namba iliyokaribiana sana na hiyo! Mimi kila mwaka nikifika hapo darasani nasimama kidogo, kwa sababu mtu amepima umeme akakuta mwanga. Leo kasi hiyo tunaijua ni mita 299,792,458 kwa sekunde, na tangu 1983 ndo inayotumika kusema mita moja ni urefu gani.

Hapa pana mambo mawili ambayo vitabu vinachora na havielezi. La kwanza ni ule mstari uliojikunja kunja, unapanda unashuka. Wanafunzi wengi wanaamini mwanga unapita ukijinyonga kama nyoka, unapanda kidogo, unashuka kidogo, ndo unafika. Sivyo kabisa. Mwanga unakwenda moja kwa moja, ule mkunjo ni grafu tu, unaonyesha uga wa umeme una nguvu kiasi gani na unaelekea upande gani kwenye kila nukta ya njia kwa wakati huo. Hakuna kinachopanda hata sentimita moja. La pili, wengi wanadhani umeme ukiisha ndo sumaku inaanza, yaani zinapokezana. Kwenye nafasi tupu zinapanda pamoja na kushuka pamoja, zikifika kilele zinafika wakati mmoja, zikiwa sifuri zote ni sifuri, ila zimekaa pembemraba moja kwa nyingine, na zote mbili pembemraba na njia ya safari. Mchoro wa kitabuni mara nyingi umechorwa sawa, shida ni kwamba hakuna aliyemwambia mtoto anachokiangalia ni nini.

Halafu kuna swali la wimbi linapita kwenye nini. La bahari linahitaji maji, sauti inahitaji hewa, kwa hiyo wanasayansi wa karne ya 19, Maxwell mwenyewe akiwemo, waliamini kuna kitu kimejaa ulimwengu mzima wakakiita etha. Mwaka 1887 Michelson na Morley huko Cleveland, Marekani, wakaugawa mwanga mara mbili, kila nusu ikaenda upande wake na kurudi, wakitafuta tofauti ambayo ingetokea kama kweli dunia inaikata hiyo etha katika kulizunguka jua kwa kilomita 30 kila sekunde. Tofauti waliyoitegemea haikuonekana, na Einstein 1905 akaiacha etha moja kwa moja. Kinachotikisika ni uga wenyewe. Ndo maana mwanga wa jua unatufikia kwa dakika nane na ushee kupitia nafasi ambayo karibu haina kitu.

Mwaka huo huo 1887 Heinrich Hertz alikuwa Karlsruhe, Ujerumani, anarusha cheche kwenye pengo la waya na kuona cheche ndogo zikitokea kwenye duara la waya lililokaa mbali bila kuunganishwa na chochote. Kufikia mwisho wa 1888 alikuwa ameshapima urefu wa mawimbi yake, ameyarudisha kwa bamba la chuma, ameyapindisha kwa prizimu kubwa ya lami, na yakafanya kila kinachofanywa na mwanga. Redio zote zimetoka hapo. Kituo cha FM cha megahezi 100 kinatoa wimbi lenye urefu wa mita 3, gawa kasi ya mwanga kwa hiyo megahezi utaipata. Na katika majaribio hayo hayo Hertz aliona jambo la pembeni, kwamba cheche zinatoka kirahisi zaidi zikimulikwa na urujuanimno, ule mwanga usioonekana kwa macho uliopita zambarau. Aliliandika akaendelea na kazi yake, akafariki 1894 akiwa na miaka 36 tu, hakuona lilipofikia.

Lilifikia hapa. Ukimulika bamba la zinki kwa mwanga mwekundu wa taa, uongeze taa juu ya taa, elektroni hazitoki. Ukilimulika kwa urujuanimno, hata hafifu, zinaanza kutoka papo hapo. Kama nishati ingekuwa inamiminika kidogo kidogo mfululizo kama hesabu ya zamani ilivyosema, mwanga hafifu ungehitaji muda wa kujikusanya mpaka utoshe kung'oa elektroni moja, na mwekundu ungeweza mradi uwe mkali vya kutosha. Einstein mwaka 1905 akasema nishati ya mwanga inachukuliwa kwa vipande vizima, na ukubwa wa kila kipande ni masafa ya wimbi, yaani linatikisika mara ngapi kwa sekunde, ukizidisha kwa namba ya Planck, ile ndogo sana isiyobadilika aliyoileta Mjerumani Max Planck mwaka 1900. Kipande cha mwanga mwekundu hakitoshi elektroni ya zinki, na viwe vingi kiasi gani kila kimoja bado hakitoshi. Millikan kule Chicago hakukubali, akafanya kazi miaka mingi akitegemea kumkosoa Einstein, na 1916 akachapisha vipimo vilivyokubaliana na Einstein. Hivyo vipande ndo leo tunaviita fotoni.

Sasa tazama vizuri Mhariri, jaribio hilo lote linaongelea mwanga unapopokelewa. La njiani halikusema neno. Hapo ndo ile sentensi ya vijitabu inapoharibu, inachukua habari ya mapokezi na kuifanya habari ya safari, mtoto anaanza kuona vipunje vimeshikana foleni vinaruka kutoka kwenye taa mpaka ukutani, na akishaona hivyo hataelewa tena kitu kinachofuata.

Kuhusu safari tuna majaribio mengine. Mwaka 1909 huko Cambridge kijana mmoja, Geoffrey Taylor, alichukua mwanga mdogo, akaupitisha kwenye vioo vilivyotiwa moshi mpaka ukawa hafifu mno, akapiga picha ya kivuli cha sindano. Kivuli cha sindano ukikiangalia kwa makini kina mistari ya mwanga na giza pembeni, na hiyo ni alama ya wimbi, maana wimbi lililopita upande huu na lililopita upande ule mahali pengine yanaongezana na mahali pengine yanafutana. Picha moja aliiacha kwa saa kama 2000, karibu miezi mitatu. Mistari ikatoka vile vile kama ya mwanga mkali. Lakini mtu angeweza kubisha, pengine humo ndani fotoni zilipita mbili mbili zikaingiliana. Basi 1986 Grangier, Roger na Aspect huko Orsay, karibu na Paris, wakaumaliza huo ubishi. Walitumia atomi za kalsiamu zinazotoa fotoni mbili zinazofuatana, ya kwanza wanaipokea iwape taarifa kwamba ya pili iko njiani, na hiyo ya pili wanaielekeza kwenye kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu. Wakaweka ditekta, yaani kifaa cha kuhisi fotoni ikifika, kila upande. Ikilia ya huku ya kule karibu kamwe hailii, kwa hiyo fotoni haikatwi nusu mbili. Halafu wakaziunganisha zile njia mbili tena kabla ya kupima, na alama ya wimbi ikajitokeza, ukirefusha njia moja kidogo tu idadi ya fotoni zinazofika kwenye ditekta inapanda na kushuka, ambayo haiwezekani kama kila fotoni ilichukua njia moja ikaisahau nyingine. Kitu kimoja, kinapokelewa kizima, na hesabu ya safari yake inadai njia zote mbili. Hili jaribio ningependa kila mwanafunzi wa kidato cha nne alijue, linaelezeka ubaoni kwa michoro miwili.

Paul Dirac 1927 ndo alichapisha hesabu ya kwanta ya uga huu, na ukiingia ndani yake unakuta umbo la wimbi, namna linavyotawanyika, linavyopinda kwenye ukingo wa kizuizi, linavyorudi kwenye kioo, ni lile lile la Maxwell. Kilichoongezwa ni kwamba kila umbo la wimbi linabeba nishati kwa hatua nzima, sifuri, moja, mbili, tatu na kuendelea, hatua na nusu haipo. Na ukitaka kujua fotoni itapokelewa wapi unachukua ukubwa wa wimbi mahali hapo unauzidisha kwa wenyewe, unapata uwezekano. Penye wimbi kubwa zinapokelewa nyingi, penye sifuri haipokelewi hata moja, na ile mistari ya Taylor inajijenga polepole, fotoni moja moja. Hakuna mstari kwenye hesabu ya Dirac ulioandikwa "hapa geuka".

Mtu atauliza, mbona basi redio hatuisikii ikipokea kipande kipande? Kwa sababu vipande vyake ni vidogo mno na ni vingi mno. Mtambo wa FM wa kilowati moja kwenye megahezi 100 unatoa kila sekunde fotoni nyingi kiasi cha namba 15 ikifuatiwa na sifuri 27, hebu iandike kwenye karatasi uione. Fotoni moja ya hapo ina nishati ndogo kuliko joto la kawaida la waya na transista za redio yako, ndogo mara 60,000 hivi, hivyo hakuna redio ya mezani itakayoihisi moja peke yake. Kinachobaki ni wimbi laini la Maxwell, na fundi akitumia hesabu za 1865 kupima antena yuko sahihi kabisa.

Upande wa pili kuna eksirei, na hapa naomba wasomaji wa pwani mnisikilize kwa sababu hadithi hii ni ya kwetu na karibu hakuna mtoto anayeambiwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kupima eksirei kutoka angani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo tu. Ilipewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya Wakenya waliowapokea. Msimamizi wa mradi upande wa NASA, shirika la anga la Marekani, alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na kundi la wanasayansi liliongozwa na Riccardo Giacconi, ambaye 2002 alipata Tuzo ya Nobel kwa kuanzisha elimu ya nyota kwa njia ya eksirei. Kwa nini walikuja mpaka huku? Karibu na mstari wa ikweta dunia inazunguka kwa kasi zaidi, roketi inapata msukumo wa bure, na setilaiti ikizunguka juu ya ikweta inaepuka sehemu kubwa ya chembe zenye chaji zilizonaswa na sumaku ya dunia ambazo zingeichanganya ditekta. Na kwa nini juu angani? Kwa sababu fotoni ya eksirei ina nishati ya kung'oa elektroni kutoka atomi za hewa, hivyo inaishia huko juu, ardhini haifiki, wakati wimbi la redio na mwanga wa macho vinapita hewa ile ile bila shida.

Ditekta za Uhuru zilikuwa masanduku ya gesi yenye waya. Fotoni ya eksirei ikiingia inang'oa elektroni ya gesi, hiyo inang'oa nyingine zikielekea kwenye waya, umeme kidogo unatokea, na ukubwa wa umeme huo unakwambia fotoni ilikuwa na nishati gani. Moja, inahesabiwa. Nyingine, inahesabiwa. Kila moja kati ya zile ilizokuwa inazipokea ilikuwa na nishati zaidi ya mara bilioni nne ya fotoni ya FM, ndo maana huku kila kipande kinaonekana na kule hakionekani. Na kutokana na kuhesabu hivyo wakagundua kwamba kwenye nyota inayoitwa Centaurus X-3 eksirei zinakuja kwa mapigo, moja kila sekunde 4.8, na ikaeleweka kwamba ni nyota iliyosinyaa inajizungusha na kunyonya gesi ya mwenzake. Orodha ya mwisho ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339.

Sasa mwenye ile sentensi yake atasema, basi eksirei ni chembe na redio ni wimbi. Hapana! Max von Laue na wenzake huko Munich 1912 walishapitisha eksirei kwenye fuwele, yaani kitu kigumu chenye atomi zilizojipanga safu safu, zikatoa madoa yaliyopangika, yanayotokea kwa wimbi tu, mawimbi yanaongezana na kufutana yakirudishwa na safu za atomi. Eksirei zile zile. Zilisafiri kwa wimbi mpaka Uhuru na zikapokelewa moja moja na Uhuru, kama redio ilivyo, kama mwanga wa taa ulivyo, tofauti ni ukubwa wa kipande.

Hii ina maana hata kwenye mambo tunayobishana mtaani. Watu wanaogopa minara ya simu wakiiweka kapu moja na eksirei za hospitali. Ukiongeza nguvu ya mnara unaongeza idadi ya fotoni, nishati ya kila moja haibadiliki, na moja ya megahezi 900 ni ndogo mara mamia ya maelfu kuliko inayohitajika kuvunja kiungo cha kemikali mwilini. Kinachojulikana kwa uhakika kwamba inafanya ni kupasha joto, na viwango vya usalama vimewekwa kwa hilo. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa 2011 liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la "huenda", na utafiti haujasimamishwa, sawa, lakini anayeandika gazetini kwamba mnara unachoma mwili kama eksirei amekosea fizikia yenyewe.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni hili. Ukurasa wa elimu ukirudi kwenye mada hii, andikeni kwamba mwanga unasafiri kama wimbi la uga na nishati yake inapokelewa kwa vipande vizima, na uwezekano wa kupokelewa mahali fulani unatoka kwenye ukubwa wa wimbi hapo. Chini ya mchoro wa mkunjo wekeni maneno kwamba ni grafu ya nguvu ya uga. Mfano uwe Uhuru ya Ngomeni, maana roketi ya mwisho pale ilirushwa 1988 na watoto wa leo wanapita barabara ya kuelekea huko hawajui palifanyika nini. Na mtoto akiuliza fotoni ilipita njia ipi kati ya zile mbili aambiwe kama ilivyopimwa, kwamba ukiweka ditekta njiani utapata njia moja na mistari itapotea, usipoweka mistari itabaki na jaribio hilo halina jibu la njia moja.

Mwalimu wa fizikia,
Malindi